Sikio la Shoghakat

Nilidhani ni jiko.
Januari ya Gyumri, theluji imefika kizingitini,
bati la jiko linatanuka na kusinyaa usiku kucha;
nani angesikia kidude kingine kikigonga:
ta. Kimya. Ta, ta. Kimya.

Kabla ya hapo kompyuta ilikuwa imeingiwa na uvivu.
Folda ya picha, niliyozoea kuifungua kwa pumzi moja,
ikawa inanipa muda wa kumenya chungwa,
kisha muda wa kulimenya na kulila,
nami nikalaumu umri, wake na wangu.

Kisha faili moja ikajiita kwa jina nisilolijua,
viulizo na alama tupu, kama mtu aliyezinduka
akakuta amesahau lugha ya mama yake.
Nikaifuta. Ndiyo, niliifuta.
Kisha skrini ikageuka samawati saa ya chakula,
ikaandika maneno meupe. Nikaizima, nikaiwasha,
ikawaka. Nikasema: umeona? Imepona.

Binti yangu Nvard aliniuliza kwa simu, kutoka Lyon:
“Baba, una nakala?”
Nikamwambia ninayo.
Nilikuwa na maana ya hiyo hiyo.

Ndani ya diski ile mlikuwa na mtaa wetu mzima
kama ulivyokuwa kabla ardhi haijatikisika:
picha mia nne na kumi na mbili, nilizoazima nyumba kwa nyumba,
nikazipitisha kwenye skana, nikarudisha karatasi kwa wenyewe,
na wenyewe wengine wamekufa, na karatasi zao
zimekwenda na mabomba yaliyopasuka, na panya, na wakwe.

Shoghakat ana kibanda nyuma ya soko.
Zamani alitengeneza saa; vidole vyake bado
hushika bisibisi kama vinashika unyoya.
Hakuiwasha. Aliuliza kwanza:
“Inagonga, au inakereza?”
Inagonga.
“Ukiipa kazi, au hata ikiwa imetulia?”
Hata ikiwa imetulia.
“Tangu lini?”
Nikatazama viatu vyangu. Tangu tulipovuna viazi.
“Tangu viazi,” akasema, akatazama theluji dirishani.

Akaiwasha mara moja tu, sikio juu ya kifuniko,
kama anayechagua tikiti maji.
“Mle ndani kuna sahani inazunguka,
na juu yake kichwa kinaelea bila kuigusa;
nafasi iliyo kati yao, unywele haupiti.
Kichwa kikipotea njia hurudi mwanzo, kikajaribu tena.
Ndio huo mlio wako. Kinatafuta mlango kwa kupapasa,
na kila ulipowasha ili uhakikishe,
ulikisukuma.”

Usipoziba ufa utajenga ukuta, husemwa.
Sisi wa mji huu tumejenga kuta,
tumejenga hata za majirani wasiokuwepo tena,
na bado nilikaa miezi mitatu
nausikiliza ufa nikiuita jiko.

Kazi ilimchukua siku tisa. Alinakili kipande kwa kipande,
akiipumzisha kila ilipopata moto,
akihesabu sehemu zilizokufa: asubuhi arobaini,
adhuhuri mia na kitu, jioni hakuniambia.

Zimerudi picha mia tatu na tisini.
Zimerudi pia, kamili, bila doa,
risiti zangu za gesi za miaka kumi na mmoja.
Hazikurudi ngazi za shule,
wala duka la Mesrop mshona viatu,
wala ile ambayo mama yangu yuko roshani, anakung'uta shuka,
na shuka imemfunika uso,
picha ambayo, kusema kweli, sikuwahi kuipenda.

Sasa diski ni mbili: moja kwa Nvard, moja kabatini.
Usiku bati likigonga naamka,
naweka sikio kwenye jiko,
kisha kwenye kabati,
kisha, kwa kuwa nimeshaamka,
kwenye ukuta.